Barolo au Brunello, waini ipi inafaa kumwekea binti mpaka atimize 18?

MamaWaTorino
Habari zenu wadau, naombeni msaada kabla sijapoteza hela. Huku Italia wazee wana kadesturi, mtoto akizaliwa wananunua waini ya mwaka ule wanaificha chini mpaka mtoto akue. Mimi kipindi hicho nilikuwa nahangaika na makaratasi ya kuishi, waini ningeiwazia wapi. Sasa juzi nimepita duka moja nyuma ya soko la Porta Palazzo nikakuta chupa mbili zinanitazama, Barolo na Brunello di Montalcino, bei zimepishana euro nne tu. Muuzaji ananisukumia Barolo ila yule ni mtu wa Piemonte, mkoa huu huu inakotoka Barolo, angesema nini kingine? Ipi inakaa zaidi? Wamenishikia mpaka Jumamosi.

Kizibo_Mkavu
Dada umeuliza swali halafu umekalia majibu. Mtoto kazaliwa mwaka gani? Chupa ni za mzalishaji gani? Utaziweka wapi? Na bei? Maana kupishana euro nne inaweza kuwa 20 na 24 au 120 na 124, hizo ni dunia mbili.

BabuWaLanghe
Mi nasema Barolo bila kupepesa macho. Nimevuna zabibu Serralunga, kijiji cha huko huko kwenye Barolo, misimu minne, vile vilima navijua kwa magoti. Barolo ni zabibu aina moja tu, Nebbiolo, hakuna kuchanganya, na inachelewa kuiva mpaka Oktoba ukungu umeshajaa mabondeni. Ukiimimina unaona rangi imepauka kama juisi ya rosela iliyotiliwa maji, unasema aah hii nyepesi, unapiga funda moja ulimi wote unakauka na meno yanashika ganzi. Umewahi kula bibo la korosho halijaiva vizuri? Basi ukakasi ule ule. Ile ndio tanini na ndio akiba yake ya uzeeni, pamoja na uchachu. Miaka inavyokwenda tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa nzito zinatua chini ya chupa kama machicha, waini inabaki laini. Ikipita miaka 15 au 20 unanusa waridi lililokauka, lami, ngozi, uyoga wa msituni, ile harufu ya cherry mbichi imeshaondoka. Sheria yenyewe inadai miezi 38 tangu Novemba mosi ya mwaka wa mavuno ndipo iuzwe, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao, na ikiandikwa Riserva, ile ya kulazwa zaidi, ni 62. Waini iliyofungwa miezi yote hiyo haijaandaliwa kunywewa kesho.

Sangiovese_Damu
Babu tulia, Piemonte sio Italia nzima. Brunello nayo ni zabibu moja, Sangiovese tupu, kilima cha Montalcino kusini mwa Siena, mkoa wa Toscana, na haiingii sokoni mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, Riserva mwaka wa sita. Familia ya Biondi-Santi walianza na Brunello ya 1888 huko, wewe unamfundisha nani kukaa? Halafu ina nyama zaidi mdomoni, jua la Toscana unalisikia. Binti wa miaka 18 ukimpa Barolo atatema.

BabuWaLanghe
Na 2008 je? Si ndio waendesha mashtaka walikuwa wanakagua maghala ya Montalcino kwa tuhuma za kuchanganya zabibu nyingine humo kwenye "Sangiovese tupu"?

Sangiovese_Damu
Ile ilikuwa baadhi ya watu, sio mji mzima. Na nyie je? Elio Altare, mtengeneza Barolo, si alichukua msumeno wa mashine 1983 akakatakata mapipa makubwa ya babake ili aweke madogo ya Kifaransa, mzee akamnyima urithi? Bartolo Mascarello, mtengeneza Barolo mwingine, naye akabandika lebo ya kumkataa mwanasiasa Berlusconi na mapipa madogo kwa pamoja. Mnagombania mbao mpaka siasa inaingia.

BabuWaLanghe
Na Mascarello alikuwa sahihi kwa yote mawili. Pipa dogo jipya linaipaka waini vanila na moshi, Nebbiolo yenyewe huioni. Dada ukifika dukani uliza ilizeekea kwenye mapipa gani.

Shemeji_Mikocheni
Samahani naingilia, hizi hadithi za mapipa ni nzuri ila mimi nina kidonda. Shemeji yangu anakaa Milano, alituletea Barolo ya 2007 tulipofunga ndoa, akaniambia kabisa laza chini, mahali pa baridi, usiiguse miaka kumi. Mimi nikaona chupa ya heshima kama ile itafichwaje, nikaisimamisha kwenye kabati la vioo sebuleni pale pale na picha za harusi, wageni wakija naionyesha. Dar mnaijua, Februari sebule ni oveni, AC tunawasha usiku tena chumbani tu. Miaka minane ilikaa pale. Siku ya kufungua nimeita watu, nimepika mbuzi, shemeji mwenyewe yupo, anaichukua anaitazama mdomoni, kizibo kimechomoza kama ukucha juu ya shingo na kuna kitu kinanata kimekauka pembeni kama asali. Hakusema kitu. Akafungua, kizibo kikakatika katikati, nusu ikabaki ndani tukaichokonoa kwa kisu. Ile rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyolala. Harufu ya zabibu kavu zilizochemshwa na kwa mbali siki. Mke wangu kwa wema akasema "ina ladha ya kipekee", mama mkwe akauliza kama ndio ya kutia kwenye kachumbari. Shemeji akainywa glasi nzima kimya kimya, nadhani ilikuwa adhabu yangu. Mpaka leo akija analeta chokoleti.

Kizibo_Mkavu
😂😂 Kachumbari! Ila umeeleza somo lote mkuu. Joto linasukuma waini, waini inasukuma kizibo, hewa inaingia. Na ukiisimamisha miaka yote hiyo kizibo kinakauka kinasinyaa. Inatakiwa ilale, gizani, nyuzi 12 mpaka 14 hivi zisizopanda na kushuka. Dada bado hujajibu.

MamaWaTorino
Jamani nilikuwa kazini, namhudumia bibi mmoja hapa mchana kutwa. Sawa. Binti kazaliwa 2014. Bei ni 58 na 62, mwisho wangu ni 100 kwa kila kitu. Wazalishaji nimesahau kupiga picha. Kuweka, jengo letu lina vyumba vya chini kila familia na chake, au niipeleke Tanga kwa mama yangu ila nyumba ile ni ya mtu wa msikitini, chupa haivuki kizingiti.

Kizibo_Mkavu
2014. Kwa nini hukuanza na hilo dada yangu 😩 Huo mwaka majira ya kiangazi Italia ilinyesha na baridi juu. Montalcino kuna waliokataa kabisa kutoa Brunello, zabibu zote wakazishusha kuwa Rosso, waini yao ya daraja la chini. Barolo nayo ilipata tabu, waliofanya vizuri ni waliochagua kishada kwa kishada na kutupa vilivyooza. Nyembamba kidogo, ila nyingine zina harufu tamu sana, tatizo sina uhakika kama mwili wake unafika 2032 ukiwa umesimama.

BabuWaLanghe
Hapo sasa Barbaresco! Nebbiolo hiyo hiyo, upande wa pili wa mji wa Alba, na 2014 mvua iliwapiga kidogo zaidi kuliko majirani wa Barolo. Inazeeka miezi 26 tu kisheria kwa hiyo watu wanaidharau, ila ya 2014 ningeichukua kabla ya Barolo ya mwaka huo. Na ukipata chupa kubwa ya lita moja na nusu ndio bora, waini ni mara mbili lakini hewa inayopita kizibo ni karibu ile ile, inazeeka polepole. Kwa 100 itabidi utafute sana.

Sangiovese_Damu
Au achana na mwaka wa kuzaliwa. Nunua Brunello ya 2016, mwaka mzuri mno, mwaka alioanza kutembea au kuongea, utatunga sababu.

MamaWaTorino
2016 ndio mwaka nilimleta Italia kumbe! Ila yeye anajua kuhesabu, ataniuliza mbona lebo sio ya kwake.

Pwani_Kavu
Mi sinywi lakini nasoma tu hapa nacheka. Swali, ya Dodoma kwa nini hamuiweki miaka 20? Zabibu si zabibu?

Kizibo_Mkavu
Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka ndugu. Hakuna msimu wa baridi wa kuulaza mzabibu, hauna ile kuiva polepole mpaka Oktoba. Halafu nyingi zinatengenezwa tamu na za kunywa mapema. Sio kasoro, ni kazi tofauti.

Shemeji_Mikocheni
Usiidharau ya Dodoma, hiyo haijawahi kuniaibisha mbele ya mama mkwe.

Pwani_Kavu
Na hizi Barolo mnakula na nini? Pilau?

BabuWaLanghe
Huko kwao ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa ndani ya waini hiyo hiyo masaa mpaka inakatika kwa kijiko. Pilau ya nyama yenye bizari nzima inaweza, ukakasi unapenda mafuta. Pilipili usiguse.

Sangiovese_Damu
Pilau bila pilipili na kachumbari sio pilau, hapo ndio Brunello inashinda.

MamaWaTorino
Nimeshuka kule chini jana na kipimajoto cha bibi. Mlangoni, pale bomba la maji ya moto ya jengo linapopita juu ya ukuta, nyuzi 23. Kona ya ndani nyuma ya baiskeli nyuzi 16. Kesho yake ile kona 17. Wakiwasha bomba kwa nguvu Desemba sijui itakuwaje. Hiyo ni mbaya kiasi gani?

Kizibo_Mkavu
17 isiyorukaruka afadhali kuliko 13 inayopanda mpaka 22. Izungushie blanketi ndani ya boksi la thermos, laza, weka sakafuni kabisa. Na pima mwezi mzima kabla hujanunua chochote.

MamaWaTorino
Mwezi mzima na duka wananishikia mpaka Jumamosi jamani.

Shemeji_Mikocheni
Wanakushikia au wanakuharakisha?

BabuWaLanghe
Nenda na simu, piga picha lebo zote mbili mbele na nyuma, uliza na Barbaresco kama wanayo. Na uangalie kiwango cha waini shingoni, ikiwa imeshuka mpaka mabegani iache hapo hapo.

Sangiovese_Damu
Na usimwambie muuzaji umeongea na mtu wa Serralunga, atakuongezea bei.

Pwani_Kavu
Binti mwenyewe ameulizwa lakini?

MamaWaTorino
Nimemuuliza jioni hii. Anasema akifika 18 anataka kwenda Tanga kwa bibi yake. Pale ambapo chupa haivuki kizingiti.