Ekseli za Land Cruiser ya 1994: nishushe zote au nitie beringi moja tu? Ushauri jamani

Kijana wa Shela (mwenye uzi)
Assalam aleikum wanajamii. Nimekwama, na usiku sipati usingizi. Nina Land Cruiser pikapu ya 1994, dizeli ya silinda sita, springi mbele na nyuma, si koili. Gurudumu la mbele kulia launguruma nikifika kilomita 40 kwa saa, usukani watetemeka, oili yavuja kwa ndani ya tairi mpaka breki hazishiki. Nyuma imeinama upande mmoja. Fundi wangu hapa Malindi asema tushushe ekseli zote mbili, tutie beringi, sili za kuzuia oili, kingpini magurudumu ya mbele yanapogeukia, bushi na springi mpya, na papo hapo tuiinue gari inchi 2. Mwengine asema nitie beringi ya kulia tu, hayo mengine ni kuliwa pesa. Mwaonaje? Na spea nichukue za Kijapani au za Dubai?

Tui Zito
Uza, nunua Probox. Probox hupita hata pale Land Cruiser inaposimama kuomba dua.

Mzee wa Gongoni
Wanangu, mmenikumbusha mvua za El Niño, mwisho wa 1997. Nilikuwa dereva wa lori la chumvi. Tulikwama njia ya Garsen siku tatu, turubali imetoboka, mvua haikatiki. Siku ya nne nilipofungua nyuma nilikuta magunia yamelala kama nguo za kufua. Chumvi yote imekwenda zake. Tajiri akaniuliza, "Mzigo uko wapi?" Nikamwambia, umo kwenye chesisi. Na kweli, mwaka haukwisha chesisi ikakatika.

Fundi Nyundo
Mzee tumekusikia. Mwenye uzi, hizo beringi zilitiwa lini mara ya mwisho?

Kijana wa Shela
Mwezi wa tano mwaka huu. Pande zote mbili. Mpya.

Fundi Nyundo
Miezi minne? Beringi iliyopakwa grisi vizuri na nati ikakazwa inavyotakiwa hukaa miaka. Fungua kizibo cha difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, uniambie oili ina rangi gani.

Kijana wa Shela
Nimefungua. Kama chai ya maziwa hivi.

Fundi Nyundo
Maji hayo. Umeipitisha wapi?

Kijana wa Shela
Mvua si ilinyesha sana mwaka huu.

Fundi Nyundo
Mvua haiingii kwenye difu, kaka. Sema.

Kijana wa Shela
Haya. Miezi miwili iliyopita iliingia baharini, Mambrui. Tulikuwa twavuta boti ya jamaa ipande ufuoni, mchanga ukatushika, na ilikuwa bamvua, yale maji makubwa, yakajaa ghafla mpaka kwenye viti. Lakini niliiosha! Kesho yake niliipiga maji ya mfereji saa mbili nzima, chini nikaipaka oili chakavu, injini ikafunguliwa ikapona. Kwa hivyo hilo limekwisha, turudini kwenye swali la springi. Arbuni nishatoa, 35,000, na springi za kuinua zishaagizwa Mombasa.

Binti Maweni
Mimi nitasema mtu anune. Ufuo si barabara. Kasa wanapanda kutaga pale, nyinyi mwapita na matairi juu ya mayai yao. Mngeita watu kumi na kamba, boti ingepanda, na magurudumu yako yangekuwa mazima.

Fundi Nyundo
Halijakwisha. Sikiliza. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kijidude kama kofia. Ukiendesha, ekseli inapata moto, hewa ya ndani inapanuka na kutokea pale. Ukiitumbukiza ingali moto kwenye maji, hewa inasinyaa, na kinachofyonzwa kuziba ile nafasi ni bahari, kwa kipumulio na kwa sili zilizochoka. Kuosha nje hakutoi kitu kilicho ndani. Gari ikisimama, kila rola ya beringi inapiga muhuri wake wa kutu kwenye kikombe. Kitoe hicho kikombe, ukipitishe ukucha: utahisi vijishimo vimepangana kama mashimo ya bao. Ngurumo yako ndiyo hiyo.

Mbele, sili ya ndani ikifa, oili ya difu inahamia kwenye lile tufe la chuma ilimo sivi, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, inachanganyika na grisi inakuwa uji, na huo uji ndio unaolowesha breki. Kwa hivyo huyo wa beringi moja achana naye. Fungua magurudumu yote manne, difu zote mbili, kingpini juu na chini. Zile shimu za kingpini, vibati vyembamba vya kusawazisha, zifunge kwenye karatasi, za juu mbali, za chini mbali, kulia na kushoto mbalimbali. Zikichanganyika usukani utakusumbua mpaka uchoke. Sivi kama haijatafunwa ioshwe kwa dizeli, tufe lijazwe grisi ya molibdeni kama robo tatu. Nati za habu zina soketi yake, 54; anayezigonga kwa patasi mfukuze. Kipumulio kiunge mpira, ukipandishe mpaka kwenye injini. Beringi na sili za Kijapani, bushi hata za Dubai. Na hizo inchi 2 zisahau kwanza.

Kijana wa Shela
Inchi 2 zanisaidia njia ya Marafa, makorongo ni mengi. Na pesa ishatoka.

Nahodha Mkavu
Mimi gari siijui, bahari naijua. Hiyo siku ilikuwaje?

Kijana wa Shela
Jioni. Magharibi ishaadhiniwa, nusu ya mwezi i utosini, hata taa hatukuwasha.

Nahodha Mkavu
Nusu ya mwezi utosini magharibi ni mwezi wa siku saba au nane tangu uandame. Hayo ni maji mafu, maji madogo. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu hupanda polepole. Mtu ana nafasi ya kunywa kahawa, kutafuta wasukumaji na kugombana na mkewe, na bado maji hayajafika vitini. Hadithi hii imetungwa.

Tui Zito
Nilisema mimi. Hata hiyo Land Cruiser haipo. Ana Probox.

Binti Maweni
Picha iko wapi? Nimehuzunikia kasa wa bure.

Mzee wa Gongoni
Lori langu mimi lilikuwepo. Picha ninayo.

Kijana wa Shela
Gari ipo. Bamvua ndiyo haikuwepo. Niliishusha mwenyewe mpaka maji ya magoti nipate kuiweka trela chini ya boti, ikazima. Nikaenda kutafuta trekta, sikupata, nikarudi alfajiri. Maji yalikuwa yashapanda na kushuka. Na gari si yangu. Ni ya ami yangu, yuko Muscat, arudi mwezi ujao. Aliniachia nibebee mahindi ya shamba, basi.

Nahodha Mkavu
Sasa saa zimelingana.

Tui Zito
Yakhe, na ami akikuta gari yake imeota miguu?

Kijana wa Shela
Alikuwa akitamani kuiinua siku zote. Nilitaka aone nimeitunza.

Fundi Nyundo
Ami mwachie nafasi yake. Ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi pale inaposhika springi ya nyuma, upande ulioinama.

Kijana wa Shela
Nimegonga. Upande mzima walia ngaa. Upande ulioinama walia kama debe. Halafu nyundo imezama.

Fundi Nyundo
Kiasi gani?

Kijana wa Shela
Kichwa chote. Ndani mna kutu ya magamba, yabanduka kama maganda ya muhogo. Na kuna kiraka kimechomelewa, kimepakwa rangi nyeusi juu.

Fundi Nyundo
Kutu ya magamba si ya miezi miwili, ni ya miaka. Na hicho kiraka kuna aliyekilipia.

Kijana wa Shela
Kwa hivyo si mimi?

Fundi Nyundo
Chesisi si wewe. Difu ni wewe. Mwaga hiyo oili leo hii, tia oili ya gia namba 90 mpya, usiiendeshe mpaka ifunguliwe. Na kiraka kipige picha kabla hujamgusia ami.

Kijana wa Shela
Nishamwaga. Na zile springi, Mombasa watazikubali nikizirudisha?