Hedifoni ipi: Stax L700, Koss 950 au Stax 007 ya mtumba? Nyumba yangu iko Mji Mkongwe, pua kwa pua na bahari

Mzee wa Kiponda aliandika:

Assalaam aleikum wanajamvi. Nnaomba mwenye uzoefu na hedifoni za elektrostatiki anifungue macho kabla sijatoa pesa. Nimestaafu, kiinua mgongo kimeingia, paa limezibwa, bibi keshachukua fungu lake la Hija, na kilichobaki nimepewa ruhusa nikitumie kwa "wazimu wako wa nyimbo". Maneno yake hayo. Fungu lenyewe ni kama dola 2,500, na humo humo itoke amplifaya, usafiri na ushuru.

Nnasikiliza usiku baada ya Isha, chumba cha juu. Taarab ya asili zaidi: vikundi vyetu vya Ikhwani Safaa na Culture, na Wamisri wakongwe, Umm Kulthum na Abdul Wahab. Nimepiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, tangu ujana, kwa hiyo ninachokitafuta nnakijua. Kila sauti ya kanuni ina nyuzi tatu, na zikipishana chembe tu katika kukazwa, mpigaji anajua. Nnataka na mimi nijue, nikiwa nimekaa kitini. Pale risha inapogusa uzi, kabla sauti yenyewe haijafunguka, ndipo hedifoni nyingi zinapokosea: zinapapaka. Mgeni mmoja wa Kijapani aliyekuja kujifunza udi alinivisha Stax yake, nikaisikia ile risha kavu kabisa. Basi tena, usingizi umekwisha.

Nimebaki na tatu: Koss ESP/950, ambayo inakuja na amplifaya yake, Stax SR-L700 MkII (yaani toleo la pili), na Stax SR-007 ya mtumba kutoka Japani. Nnachoogopa ni mambo mawili, chumvi ya hewa yetu na umeme wetu. Msinifiche.

Kijana wa Michenzani alijibu:

Shikamoo mzee. Kwa pesa hiyo mie ningechukua spika mbili kubwa na sabufa, mtaa mzima ukafaidi. Lakini najua bibi hatokubali.

Mpemba wa Wete alijibu:

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Mie nnayo Stax L500 MkII, ndugu mdogo wa hiyo L700, na kabla yake nilikuwa na Lambda ya zamani (Lambda ndiyo ukoo wa Stax ambamo L500 na L700 zimo). Nisikilize mie niliyepitisha nazo masika, hao wa Ulaya hawayajui haya.

Kwanza ujue unanunua nini. Ndani ya ile hedifoni hamna sumaku wala koili. Kuna utando wa plastiki wa unene wa maikroni moja na kitu, na nywele ya mtu ni kama maikroni 70. Utando umetiwa chaji ya volti 580 na umewambwa katikati ya sahani mbili zenye matundu. Muziki unaingia kwenye sahani, moja inavuta na nyingine inasukuma, utando unafuata. Hauna uzito wa kuuchelewesha, ndiyo maana uliisikia risha.

Sasa, volti ni nyingi lakini umeme wenyewe wa chaji ile ni kidogo mno, na unyevu ni njia ya kuivujisha. Mwezi wa nne hapa Wete nguo haikauki, na hedifoni nayo ni hivyo hivyo: upande mmoja unaanza kushuka sauti, mara unasikia kamluzi, mara mchirizo wa kukaanga. Ukiiweka pakavu aghlabu hurudi. Vumbi likishaingia ndilo balaa kubwa zaidi, maana hilo halikauki. Kwa hiyo usiitundike ukutani kama pambo. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko na lachi za pembeni, tia silika jeli ya rangi ya chungwa (ile ya buluu ina kobalti, iache), ikigeuka kijani uikaushe kwa moto mdogo. Ukimaliza kusikiliza, ifute jasho, iache ipumue kidogo, irudi sandukuni. Na usiivae kichwa kibichi ukitoka kuoga.

Kuhusu L700: sahani zake zimetokana na ufundi wa SR-009, hedifoni ghali ya Stax, na ni bora kuliko yangu, sibishi. Lakini sponji zake za masikioni zina ngozi ya kondoo. Wewe unajua ngozi inafanywa nini na masika. Makubadhi yangu yaliota ukungu mweupe ndani ya kabati, seuze kitu kinachokunywa jasho kila usiku! L500 ni ngozi ya bandia, unaifuta na kitambaa, imekwisha. Zote mbili za MkII waya wake unachomoka, ukioza unabadilisha waya peke yake.

Jengine ambalo watu hawalisemi: hizi zote ziko wazi nyuma. Feni utaisikia yote, vespa za uchochoroni utazisikia, na bibi atamsikia Umm Kulthum wako kwa mbali. Mie nawasha eisi mapema, chumba kikipoa na kukauka naizima, ndipo nakaa. Bila eisi sijui utafanyaje Januari.

Fundi wa Mlandege alijibu:

Mie hedifoni za bei hizo sinazo, ila amplifaya zake zimepita mezani kwangu. Mzee, sikiliza hili kuliko yote. Mashine iliyouzwa kwa soko la Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 utasikia harufu tu. Muulize muuzaji akupigie picha ya kibandiko cha nyuma. Ikiwa ni 100, utahitaji transfoma ya kushusha, ile nzito ya kweli, si vile viboksi vyepesi vya wasafiri. Habari ya hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, isikutie wasiwasi: Japani kwenyewe upande wa Tokyo ni 50 na Osaka ni 60.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie, maana unaporudi ndipo unaporuka. Stebilaiza itie bila ya kufikiri.

Na tundu: Stax ya "Pro" ina pini tano na chaji ya utando ni volti 580. Za zamani zina pini sita na chaji ya volti 230, usiichanganye na 230 ya ukutani. Koss ina tundu lake mwenyewe, haiingii kwenye mashine ya Stax bila adapta. Usiifungue amplifaya hata ikiwa imezimwa, kapasita, zile zinazoweka umeme ndani, hazijui kama umezima.

Mzanzibari wa Muscat alijibu:

Ami, 007 ninayo, na naipenda kuliko vitu vyangu vingine. Sauti yake imejaa, udi unatoka na tumbo lake. Lakini inakula amplifaya. Ukiipa mashine ndogo inalala, na mashine inayoifaa inamaliza fungu lako peke yake. Ya mtumba usiyoisikia mwenyewe mie nisingeigusa, hasa ikiwa imekaa miaka sandukuni na hujui kwa nani.

Koss ni kitu cha maana, jepesi kichwani, la plastiki tupu. Kwa sauti ya mwanamke ni tamu sana. Kwa kanuni, hapana: Lambda inaikata risha safi zaidi. Lakini kama unapenda na rusha roho kidogo, sahau hizi zote, besi ya hedifoni hizi ipo ila haikupigi kifuani.

Kuna ile Sennheiser HE 1 ya kitako cha marumaru. Bei yake unapata nyumba Fuoni na chenji ya kuweka geti.

Mzee wa Kiponda aliandika:

Ahsanteni sana, wanangu. 007 nimeiacha, na ngozi ya kondoo imenitosha. Basi niseme L500 MkII na amplifaya ya SRM-353X, mpya, ya volti zetu. Kijana wa Michenzani, bibi amesoma, amecheka.

Swali la mwisho. Nina nyimbo za Siti binti Saad, zile zilizorikodiwa Bombay 1928, zimenakiliwa kutoka santuri. Hizi hedifoni zitaniharibia? Nasikia zinafichua kila uchafu.

Mpemba wa Wete alijibu:

Zitafichua, sikudanganyi. Mchakaricho wa santuri utausikia wote. Ila kwenye hedifoni nzito mchakaricho na sauti vinagandana. Hapa vinaachana, mchakaricho unakaa kwake na Bi Siti anakaa kwake, sikio likishazoea linachagua. Kinachochusha ni nakala iliyosafishwa sana kwa kompyuta, ile iliyopukutishwa mpaka maneno yakabaki hayana meno. Kama unayo nakala mbichi, sikiliza hiyo.

Ikifika, usianze na nyimbo. Ichomeke, iache iwake muda ijichaji, halafu tia kitu cha mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili. Bi Siti huyo huyo anafaa. Sauti ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea upande, geuza zile plagi mbili za kuingizia sauti nyuma ya amplifaya, nyekundu na nyeupe. Unyonge ukihama sikio, tatizo liko kwenye chanzo au waya wake. Ukibaki sikio lile lile, ni hedifoni au amplifaya. Na ukiibana kichwani ukasikia kamlio ka aibu, usishtuke, ni utando unasukumwa na hewa, zote zinafanya hivyo. Fanya haya wiki ile ile ya kwanza, muda wa kurudisha haujapita.