Margaret (2011): muvi mbovu au watu hawakuipa nafasi?

mtazamaji_kimya: Wakuu nimemaliza kuangalia Margaret ya muongozaji Kenneth Lonergan, ile Anna Paquin anaigiza kama Lisa, kichwa kimejaa maswali. Lisa, mtoto wa shule hapo New York, anamkimbilia dereva wa basi kisa kofia aliyovaa tu, dereva anapita taa nyekundu, mama wa watu anagongwa na kumfia mikononi, halafu yeye anawaambia polisi taa ilikuwa kijani. Mpaka hapo niliganda. Baadae stori inatawanyika, mara bwana mpya wa mama yake, mara ugomvi wa siasa darasani, mara mawakili. Mbona kuna wanaoiita bora na kuna wanaoiponda vibaya?

Mzee wa Riwaya: Uliangalia ipi mkuu? Zipo mbili. Ilishutiwa 2005 ikatoka 2011, katikati hapo ni mivutano ya kuihariri na kesi mahakamani, mkataba unasema isizidi dakika 150 na Lonergan hakubali, mpaka muongozaji mwenzake Martin Scorsese akaingia kusaidia. Ikaja kuonyeshwa kumbi chache bila promo ya maana. Ile ya masaa matatu na ushee ilitoka kwa DVD 2012.

pilipili_k: Nimeona zote, na ndefu haimtibu Lisa. Anabweka tu muvi nzima!! Kumuonea huruma kazi kweli.

Nasra_M: @pilipili_k sasa si ndo penyewe hapo? Ana hatia yake hajui aipeleke wapi, anataka dereva afukuzwe ili yeye apumue. Na muvi haimtetei, Emily, rafiki wa marehemu (anaigizwa na Jeannie Berlin, huyo mama ni moto), anamchana kabisa kwamba wao wengine sio wasindikizaji kwenye maisha yake. Alafu mwisho, samahani kwa spoila, hela ya fidia anachukua ndugu wa marehemu ambae hata hawakuwa karibu, na dereva anabaki na kazi yake. Kwenye ile ndefu unasikia mpaka maongezi ya wapita njia yakifunika maongezi ya wahusika, yani jiji halina habari nae.

Mzee wa Riwaya: Na 2016 kura ya wakosoaji ya BBC iliiweka namba 31 kwa muvi bora za karne hii.

pilipili_k: Namba 31 mbele ya nani sasa 😂 Mark Ruffalo (ndo dereva mwenyewe) ndani ya ile sini ya nyumbani kwa dereva nampa maua yake, mengine mtanisamehe.

mtazamaji_kimya: Kumbe mi niliona fupi. Naitafuta ndefu wikendi hii.