Nimeuziwa memori kadi feki Mtwara mjini, imemeza sauti za bibi zangu wawili. Huu ni wizi

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mwezi wa saba mwaka jana nilipanda Newala, kwetu upande wa Kitangari, nikiwa na kinasa sauti changu, Zoom H1n. Nilikaa siku tatu nikirekodi mazungumzo na nyimbo, jumla kama saa kumi na tatu. Niliporudi Mtwara na kuchomeka memori kadi kwenye kompyuta, nikapata saa saba na nusu. Nyingine zote majina ya mafaili yapo, ukubwa umeandikwa, tarehe ziko sawa, ila ndani hamna kitu. Kadi niliyouziwa kwa elfu ishirini na tano kama ya GB 32 ni ya GB 8.

Ngoja niwaambie nini kilikuwa kwenye hizo saa tano na nusu, maana kuna watu nikisema "sauti zimepotea" wanadhani ni nyimbo za kupakua.

Bibi yangu mzaa baba ana mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, upande wa Mueda. Sisi Wamakonde mto haujawahi kututenganisha, lakini tangu 2017 vita vya Cabo Delgado, mkoa wao huko, mnavijua, watu wamekimbia, waliobaki hawasafiri hovyo. Bibi mdogo alipata nafasi ya kuja kwa sababu ya msiba, akapitia Daraja la Umoja kule Mtambaswala, akafika nyumbani siku ya pili mchana nikiwa nimeshaanza kumrekodi dada yake. Hawakuwa wameonana miaka mingi. Siku ya kwanza bibi peke yake alikuwa anajibu maswali yangu kama mtu anayehojiwa: ndiyo mjukuu wangu, hapana mjukuu wangu. Alipoingia mdogo wake nikawa simuulizi mtu chochote. Walikaa kwenye mkeka, kinasa nimekiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, wakaanza wenyewe.

Walisimulia walivyokuwa wakiteremka bondeni usiku kufuata maji wakiwa wasichana, maana juu kwetu hakukuwa na maji, mnateka na kupanda mlima na mtungi kichwani hadi jua linachomoza. Walikuwa na nyimbo za njiani za kupeana nguvu, mmoja anaanzisha, wa nyuma wanaitikia. Bibi peke yake hakuweza kuziimba. Nilimwomba siku ya kwanza akasema amesahau. Mdogo wake alipoanzisha tu, mdomo wa bibi ukafunguka wenyewe. Halafu wakabishana neno moja, huyu anasema hivi, yule anasema vile, kwa sababu Kimakonde cha ng'ambo na cha kwetu vinapishana, na katika kubishana wakatoa maneno ambayo baba yangu mwenyewe, mtu wa miaka sitini na kitu, alikuwa hajawahi kuyasikia. Nilikaa pale navaa hedifoni machozi yananilenga.

Hayo yote yalikuwa kuanzia jioni ya siku ya pili. Yaani kadi iliishia palepale utamu ulipoanza.

Sasa nieleze wizi wenyewe unavyofanyika, kwa sababu wengi mmeibiwa na hamjui.

Memori kadi ina vitu viwili ndani: sehemu ya kuhifadhia, na kijichipu kinachoongea na kifaa chako. Kijichipu ndicho kinachosema "mimi ni GB 32". Mtengeneza feki anachukua kadi ya GB 8, au hata 4, anabadilisha maelezo ya kile kijichipu ili kidanganye, kisha anaichapa jina la kampuni kubwa na kuitia kwenye pakiti nzuri. Simu inaamini. Kompyuta inaamini. Kinasa kinaamini. Orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa kadi, kwenye eneo la kweli, ndiyo maana majina na ukubwa unaviona vimekamilika. Ukishajaza zile GB 8, kinachofuata ama kinatupwa, ama kinaandikwa juu ya vile vya mwanzo na kuviua navyo. Yangu ilikuwa ya kutupa. Nashukuru kwa hilo, maana siku ya kwanza ningeipoteza pia.

Nilikuwa narekodi WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya 48 kHz kwa biti 24, chaneli mbili. Hiyo ni kama GB moja na kidogo kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: GB 8 ni saa saba na nusu. Dakika ileile.

Kuna atakayeniuliza kwa nini sikutumia MP3 ili mafaili yawe madogo, au kwa nini nisingetumia simu tu. Nimetumia simu miaka mingi. Simu inajipandishia na kujishushia sauti yenyewe, mtu akinyamaza inavuta kelele za kuku na upepo, akiimba kwa nguvu inamkandamiza. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ndiyo kabisa, unakata sauti za juu, herufi zinafanana. Ukitaka mtu wa baadaye asikie tofauti ya neno la Mueda na la Newala, unahitaji sauti nzima. Hiyo ndiyo sababu nilijinyima nikanunua kinasa cha kueleweka.

Na kwa nini sikuhamishia kwenye kompyuta kila jioni? Nilibeba laptopu. Nayo ni malalamiko mengine. Niliinunua ya mtumba, nikaambiwa betri inakaa saa nne. Ilikaa dakika ishirini na tano. Nyumbani kwa bibi hakuna umeme, jirani ana sola ya kuchajia simu. Kwa hiyo siku ya kwanza usiku laptopu ikawa mzigo tu kwenye begi, nikabaki naitegemea kadi. Kosa langu hapo nalikubali: ningebeba kadi mbili. Ila kadi ya pili ningeinunua duka lilelile.

Niliporudi nikadhani mafaili yameharibika. Nikampelekea fundi. Akaniambia ina virusi, akachukua elfu kumi na tano, kesho yake akanipa folda ya mafaili "yaliyorejeshwa", ukifungua hayalii. Nikayaingiza kwa nguvu kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kama data ghafi, nikaona mstari mmoja mnyoofu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sasa najua kwamba programu ya kurejesha inafufua kilichofutwa, na hapa hakikuwahi kuandikwa kitu. Fundi anayejua kazi angeipima kadi kwanza kabla ya kupokea hela yangu.

Aliyenifungua macho ni jamaa yangu mmoja wa Lindi. Akaniambia: ijaze kadi yote, kisha isome yote. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux kuna F3. Inaandika data hadi kadi ijae, halafu inasoma kuangalia kama ilichoandika kipo. Nikaiacha ikifanya kazi zaidi ya saa moja. Jibu: GB 7.3 nzima, GB 21.9 zimepotea. Nilikaa naangalia ile namba nikaishiwa nguvu.

Nikarudi dukani na laptopu ipo kwenye umeme, na matokeo yapo kwenye kioo. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza vizuri. Muuzaji akaniambia, "Kaka, si tuliijaribu hapahapa mbele yako ikafanya kazi?" Kweli tuliijaribu. Aliichomeka kwenye simu, ikaonyesha GB 32, akacheza wimbo mmoja. Nikamwambia wimbo mmoja hauwezi kuonyesha feki, lazima ijae. Akanionyesha maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sikuuziwa mali, niliuziwa robo ya mali. Wateja wengine wakaanza kugeuka, akabadilika sauti: "Bosi, mimi nimeletewa kutoka Dar, nenda kawaulize huko." Halafu akanipa mgongo akaendelea kumuuzia mama mmoja kadi ya GB 64, zilezile, pakiti ileile. Yule mama alisema anataka kuhifadhia picha za harusi ya mwanawe.

Nilimwambia yule mama. Nilitolewa dukani.

Baadaye nikanunua mbili nyingine kwenye maduka mengine mawili ya hapahapa mjini, makusudi, nizipime. Moja nzima, moja feki. Ile nzima ilikuwa ghali kidogo tu. Yule jamaa wa Lindi naye anayo ya kwake feki, ameiweka mezani kama ushahidi.

Kinachoniuma zaidi ni hili neno "nimeletewa kutoka Dar". Kusini huku tumezoea kupokea kilichobaki. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 500, ukisema utarudisha bidhaa Kariakoo nauli inazidi bei ya bidhaa. Muuzaji anajua hilo. Mwenye mali wake wa Dar anajua hilo. Ndiyo maana wanatuletea bila hofu.

Na sheria ipo. Bidhaa yenye alama ya kampuni isiyoitengeneza ni bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye kazi hiyo. Kile kibao cha "hairudishwi" hakiwezi kuhalalisha kuuza bandia. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima? Kabla ya hapo tulikuwa tunabonyeza *#06#, tunapata IMEI, namba ya utambulisho wa simu, tunaituma kwenda 15090, tunaambiwa ni halali au siyo. Mtu wa kawaida alipewa njia ya kuhakiki mwenyewe. Kwenye memori kadi, flashi na betri hakuna kitu kama hicho, mteja ameachwa peke yake na muuzaji.

Nimetaja betri. H1n inatumia betri mbili ndogo za AAA. Kuna zinazouzwa zimeandikwa alkalaini na ndani ni zile za kawaida kabisa, zinakata ghafla. Zikikata katikati ya kurekodi, faili linaweza lisifungwe, ukalikuta bovu. Nimeacha kuzinunua, natumia za kuchaji na kwenye menyu nachagua aina ya betri ili kipimo kisinidanganye.

Nyumbani baba ana kaseti ya harusi yake, imerekodiwa kwa redio kaseti mwaka 1991. Ina mikwaruzo, mkanda umelegea kidogo, lakini sauti ya babu akitoa wosia ipo, nimeihamisha mwenyewe kwa kuchomeka waya kutoka redio kwenda kwenye kinasa. Miaka thelathini na zaidi ndani ya kabati, na hewa yetu ya chumvi hapa. Mimi na kifaa cha kisasa nimeshindwa kuhifadhi siku tatu.

Ninachoomba kwenye uzi huu ni vitu viwili. Mwenye kujua muuzaji wa Mtwara au Lindi anayekubali mteja aijaze kadi dukani kabla ya kulipa, amtaje, tumpe biashara. Na mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko FCC akiwa mikoani anielekeze alianzia wapi na alihitaji vielelezo gani. Risiti ninayo, kadi ninayo, pakiti ninayo.

NYONGEZA: Naona watatu mmeuliza kwa nini nisiwarekodi bibi zangu upya. Bibi mdogo alisharudi Mueda. Bibi nilimwendea mwezi wa kumi, nikamweleza ukweli kwamba kifaa hakikuhifadhi. Aliuliza, "Yote?" Nikamjibu kuanzia alipofika mdogo wako. Alinyamaza, kisha akaniambia wimbo ule hauna mwanzo bila yule mwingine. Nikawasha kinasa hivyohivyo, kadi nyingine niliyoipima. Alijaribu mara mbili, akaishia njiani.

Tumefanya mpango wa kumpigia simu bibi mdogo mtandao ukikubali, mmoja aanzishe kwa spika na mwingine aitikie. Itakuwa sauti ya simu, najua ubora wake. Nitarekodi hivyohivyo, kwa kadi mbili.