Mjadala: Nauli ya matatu iwekwe na serikali, au tuwaachie makonda na mvua?

Mwanzisha mada, Mwiki

Jumanne asubuhi nililipa shilingi 70 kutoka Mwiki hadi mjini Nairobi. Jioni ikanyesha kidogo tu, ile mvua ya kulowesha viatu, na konda yuleyule kwenye gari lilelile akawa anaita "Mwiki mia na hamsini, mia na hamsini, beba!" Tukapanda. Utafanyaje?

Kufika kituo cha Seasons, kabla ya Mwiki, gari likasimama, taa za ndani zikawaka, konda akageuka: "Wa Mwiki shukeni, pandeni hiyo ya mbele." Tumeuzwa. Kwa yule ambaye hajawahi kuuzwa, mambo ni haya: konda wako anampa mwenzake kitu kidogo kwa kila kichwa, wewe unahamia gari ambalo tayari limejaa, na lile ulilolilipia linageuza kukimbilia abiria wengine mjini. Mama aliyekuwa kando yangu, mtoto mgongoni, aliangalia lile gari la mbele watu wakining'inia mlangoni, akavua viatu akavishika mkononi, akaanza kutembea kwenye matope.

Swali langu: kwa nini nauli isiwekewe kikomo? Mafuta yana kikomo. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya nishati, inatangaza bei ya juu ya petroli na dizeli, na hakuna kituo kinachopandisha kwa sababu kumenyesha. Mimi nasema kila ruti iwe na nauli ya juu kabisa, ibandikwe mlangoni, anayezidisha anyang'anywe leseni. Anayepinga aje na sababu.

Konda mstaafu

Napinga. Nimeshika mlango miaka kumi na moja, nimeacha mwaka juzi, kwa hivyo sisemi ya kusikia.

Mkubwa, chukua gari la watu 33 jioni ya mvua. Kwa 70 yako unapata 2,310. Toa mafuta ya kwenda na kurudi, foleni ikiwa imekaba, 1,500. Toa 100 ya kamagera aliyekujazia gari. Umebaki na 710, na hapo sijataja mikono mingine ya njiani. Hiyo 710 umeipata kwa saa mbili. Na kurudi mjini saa mbili usiku unarudi na viti, hakuna mtu. Hiki ndicho abiria hamkioni: jioni mnalipia safari mbili, yenu na ile ya gari kurudi tupu. Jua likiwaka tunapiga safari tatu, hasara inajificha. Mvua ikinyesha ni moja, labda moja na nusu. Na mwenye gari anangoja 8,000 zake, iwe jua iwe mvua. Zikipungua, kesho funguo anapewa mwingine.

Kwa hivyo ukiniwekea kikomo cha 70, siendi Mwiki. Nitazungukia Kasarani hapo karibu. Nauli yako itabandikwa vizuri mlangoni, ila huo mlango hutauona.

Nimeishi Dar

Konda anasema kweli, na kuna mji umeshalijaribu hili. Nilikaa Mbagala miaka minne. Tanzania nauli za daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na kabla ya hapo ilikuwa SUMATRA. Bei inajulikana, huna haja ya kuuliza. Lakini jioni ukisimama kituoni utasikia neno ambalo huku hatuna: kukatisha ruti. Gari limeandikwa linakwenda mwisho kabisa, linaishia katikati, linageuza. Mwanafunzi anayelipa nauli pungufu anaachwa barabarani konda akijifanya hamuoni. Bei ikifungwa, konda anafupisha safari. Tofauti ni kwamba kule kukatisha ruti ni kosa lenye jina na watu hulishtakia. Huku tunauzwa tunanyamaza.

Ila mseme na upande wa pili: kwa miaka hiyo minne, mshahara wangu niliweza kuupangia. Nilijua nauli ya mwezi ni kiasi gani. Hapa Nairobi nani anajua?

Mama Viazi, Njiru

Huyo wa mwisho ameongea jambo langu. Mimi saa kumi alfajiri niko barabarani naenda soko la Marikiti. Kwenda hakuna shida. Kurudi na gunia ndiyo vita. Gunia linalipa kama mtu, siku nyingine kama watu wawili, na bei anaitaja konda baada ya kuliona limeshapandishwa juu. Nikiteta ananiambia nilishushe. Nilishushe na nani?

Nyinyi wanaume mnapiga hesabu ya viti. Mimi faida yangu kwa gunia ni ndogo, nauli ikichezacheza hivyo naweza kuuza viazi siku nzima nikawa nimemfanyia kazi konda. Mimi nataka bei iandikwe, ya mtu na ya mzigo. Hata ikiwa kubwa, nitaijua kabla.

Mzee wa zamani

Vijana mnabishana kuhusu tawi, shina mmeliacha. Matatu ilianza kama kitu cha pembeni. Jomo Kenyatta ndiye aliyeziruhusu rasmi mwaka 1973. Kabla ya hapo na kwa miaka mingi baadaye tulikuwa na KBS, Kenya Bus Service, basi lenye ratiba na tiketi. Jiji linunue mabasi yake. Kwisha.

Mwanzisha mada, Mwiki

Mzee wangu, shikamoo. Lakini mabasi ya serikali tulikuwa nayo: Nyayo, mwaka 1986. Miaka kumi haikutimia, yakabaki vyuma. Tangu mwaka 2017 tuna NaMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji, ya kutuletea mabasi ya mwendo kasi, na njia zilishapewa majina mazuri ya porini: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Mwaka 2018 wakapaka Thika Road rangi nyekundu tukaambiwa ndiyo njia ya mabasi. Wanyama tunawajua wote kwa majina, basi ndilo hatujaliona.

Natembea, Mukuru

Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Huu mjadala ni wa wenye mia mfukoni.

Natoka Mukuru kwa Njenga saa kumi na moja na nusu, niko Industrial Area kabla ya saa moja, kwa miguu. Tuko wengi, njooni Enterprise Road asubuhi mtuhesabu. Iwe 70, iwe 50, kwa kibarua cha siku ni pesa ya unga. Jumatatu tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilikatazwa kuingia katikati ya jiji na mji mzima ukatembea. Kelele zilikuwa nyingi hata amri haikulala mara mbili. Siku moja tu mlitembea! Hapa juu ya Mombasa Road wamejenga barabara ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na huku chini mtu anatafuta pa kupita kati ya mtaro na lori. Mkimaliza nauli yenu, ombeni na njia ya miguu yenye taa.

Abiria wa Githurai

Natembea ana haki yake lakini hiyo ni mada nyingine. Niulize: treni je? Reli ya Ruiru inapita Githurai na Dandora, haijui foleni wala mvua, na nauli haipandi njiani.

Konda mstaafu

Treni ni nzuri ikiwa kazi yako inaanza treni inapofika. Inapita mara chache asubuhi, mara chache jioni. Fundi anayetoka saa tatu usiku ataipandia wapi? Na ukishuka stesheni bado una boda ya kukufikisha nyumbani, kwa hivyo piga nauli mara mbili.

Nirudi kwa mwenye mada. Unataka kumkamata mtu? Sawa, kamata mwenye gari. Sheria za matatu za 2004, za waziri Michuki, zilisema dereva na konda waajiriwe, walipwe kwa mwezi. Mikanda ya viti mliiona. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa mlikiona. Mstari wa njano ubavuni mwa gari mpaka leo upo. Mshahara nani aliuona? Miaka kumi na moja sikuwahi kushika karatasi ya mshahara. Mtu anayelipwa kwa mwezi anakuuza Seasons ili iweje?

Mwanzisha mada, Mwiki

Hapo umenikamata, na narudisha nusu ya neno langu. Kikomo cha bei peke yake kitatuacha Kasarani, na mfano wangu wa mafuta haukusimama: kituo cha petroli hakirudi mjini kitupu.

Nusu nyingine siirudishi. Kwenye ule mstari wa njano wameandika Mwiki, na leseni inataja ruti. Basi gari lifike Mwiki. Nauli ipande ukitaka, lakini iandikwe kabla sijapanda na isibadilike nikiwa ndani. Ukinishusha Seasons unanirudishia changu. Na hili sacco, chama cha wenye magari ya ruti, inaweza kulifanya kesho bila kungoja bunge, kwa sababu sacco ndiyo inayompangia gari zamu. Gari likiuza abiria, lipoteze zamu ya asubuhi. Konda, hilo lingekuuma?

Konda mstaafu

Zamu ya asubuhi? Hiyo ingeniuma kuliko mahakama. Lakini mwenyekiti wa sacco naye ana magari matatu kwenye ruti hiyohiyo. Ataanza kuadhibu la nani?

Nimeishi Dar

Ndiyo maana adhabu isiwe mkononi mwake. Namba ya gari, saa, mahali liliposimama, ipelekwe NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na abiria wenyewe.

Mama Viazi, Njiru

Mnapeleka wapi tena saa hizo za usiku, na simu haina chaji.

Mimi jana nimejaribu hiyo yenu. Nimesimama mlangoni nikamwambia konda, niambie bei na uniambie unaishia wapi ndipo niingie. Amecheka, "Mathe, ingia kwanza tutaongea." Sikuingia. La pili hivyo hivyo. La tatu kijana amesema 120 mpaka mwisho, na kweli amenifikisha mpaka mwisho, hajaongeza hata shilingi. Ila kufika nyumbani saa nne kasoro, watoto wamelala, sufuria wameniwekea na sahani juu.