Je, tabasamu la kujilazimisha lina faida?

Swali: Wanajukwaa, tabasamu la dhati hutambulikaje, na je, kutabasamu bila furaha hubadilisha hisia za mtu?

Jibu la 1: Tazama macho. Daktari Mfaransa Duchenne alieleza mwaka 1862 kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo hutii amri, ilhali ule unaozunguka jicho, unaoinua shavu na kukunja ngozi ya pembeni, huamshwa na furaha halisi (ingawa wapo wanaoweza kuuigiza).

Jibu la 2: Kuhusu hisia, katika jaribio la mwaka 1988, waliobana kalamu kwa meno, hivyo mdomo ukakaa kama unatabasamu, waliona vibonzo vinachekesha zaidi kuliko walioibana kwa midomo, lakini maabara 17 zilizolirudia, na kutoa matokeo mwaka 2016, hazikupata athari hiyo. Binafsi nisingetarajia makubwa.

Jibu la 3: Wengine hutabasamu kwa aibu au woga.