Wakwe wanakuja Jumapili, meza ya watu 6, wageni 12, niipangeje?

MkeWaKimara:
Habari za jioni wapendwa. Jumapili wakwe zangu wanakuja kula mchana kwetu, mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, jumla na sisi tutakuwa kama 12, yupo baba na mama mkwe, shangazi yake mume wangu anatokea Tanga, mashemeji na watoto. Meza yangu ni ya watu 6. Kwenye chakula sina wasiwasi, pilau ya nyama, kuku wa kupaka, kachumbari, ndizi mbivu za nazi, juisi ya ukwaju na matunda. Meza ndo inaninyima usingizi. Mtandaoni naona mishumaa, maua marefu katikati, sahani juu ya sahani, inapendeza kwelikweli ila sebule yangu ndogo na feni iko juu ya meza hapo hapo. Nataka wakiingia tu waone nilikuwa nawasubiri. Bajeti isizidi elfu 50 jamani, nisaidieni.

DadaWaShughuli:
Mdogo wangu, kwanza usilazimishe watu 12 kwenye meza ya 6. Mtu mmoja anahitaji kama sentimita 60 ili kiwiko kisimguse mwenzie, sasa piga hesabu mwenyewe. Meza ifanye ya chakula, isogeze mbali kidogo na ukuta watu wapakue pande zote mbili, sahani zianzie mwanzo kabisa, halafu pilau, kuku, ndizi, kachumbari, vijiko na tishu viwe mwisho maana mtu akivishika mwanzo anapakuaje? Juisi na glasi usiweke hapo, tafuta stuli pembeni, ukwaju ukimwagika kwenye kitambaa cheupe ndo umekwisha. Mishumaa mchana achana nayo, feni itaizima yote, na tishu ziegemezee kitu kizito la sivyo mtaziokota chini ya kochi. Maua yawe mafupi, mtu aliyekaa aweze kumuona wa mbele yake. Mimi napenda mrehani, vikonyo vichache kwenye glasi ya maji, unanukia vizuri bila kugombana na chakula, halafu sokoni ni bei ya chini sana.

MamaKisauni:
Nakubaliana na huyo wa juu ila mwanangu usisahau maji ya kunawa!! Hilo ndilo mgeni wa pwani huliangalia kabla hata hajaona kitambaa. Birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni, taulo safi begani, kijana mmoja apite akianza na wazee, na wakimaliza kula apite tena na maji yenye ndimu. Kwa hao wengine tandika mkeka wa ukindu, pilau itiwe kwenye sinia watu wane wane, watoto na mashemeji watafurahi sana, ila mama mkwe mwache kwenye kiti na kimeza chake mbele, magoti ya wazee hayataki mkeka. Udi fukiza mapema kabla hawajafika kisha chetezo kitoke, ukichanganya moshi wa udi na harufu ya pilau chakula hakinukii tena. Kitambaa cha meza usinunue, tandika leso, yaani khanga. Lakini isome kwanza! Leso yenye kijembe mbele ya mawifi, wallahi utaeleza mpaka Idi.

MkeWaKimara:
Asanteni sana, hilo la maji sikuwa nimelifikiria kabisa. Mama khanga ninayo doti mpya imeandikwa WEMA HAUOZI, nafikiri hiyo haina shida? Na sahani zangu ni seti mbili tofauti, nyeupe 6 na zenye maua 6, nikaazime kwa jirani zifanane?

DadaWaShughuli:
Usiazime, mtakula mnaogopa kuvunja. Nyeupe weka kwa wazee, zenye maua ziende kwenye mkeka, itaonekana umepanga hivyo. Elfu 50 yako nunua kijiko kizuri cha kupakulia kwa kila chombo maana kijiko kimoja kikizunguka kwenye kuku na ndizi vyote vinakuwa mchuzi mmoja, na bakuli la kachumbari lenye mfuniko. Kachumbari chumvi na ndimu tia watu wakishaanza kunawa, ukitia mapema inajaa maji.

MamaKisauni:
Wema hauozi ni nzuri mno, tandika maandishi yaelekee wageni wanakoingilia. Ila ifue leo leo, leso mpya huchuja rangi, hotipoti ya moto ikiwekwa juu na maji yakitiririka itapaka meza yote. Na kawa unayo ya kufunikia matunda? Kama huna mwambie huyo shangazi wa Tanga akuletee, atafurahi kuagizwa.

MkeWaKimara:
Sina, nampigia sasa hivi.